Askari Wawili na Farasi: Habari ya Jeraha Lisiloonekana



Mwezi huu nataka kuwasimulia habari ya jeraha lisilotoka damu, na jinsi watu wa nchi ya mbali walivyoona njia ya kulisaidia kupona kwa farasi, kwa kazi ya shamba, na kwa upendo wa watu walioumia namna moja. Lakini kwanza sina budi kuungama kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonisukuma kuitafuta habari hii.

Jirani yetu mmoja alikwenda vitani Somalia, akarudi mzima wa mikono na miguu. Tulimpokea kwa nyimbo na vigelegele, tukachinja mbuzi. Haikupita miezi mingi, mke wake akaja kwangu jioni, akakaa kizingitini, akasema, "Mwalimu, mume wangu hakurudi. Aliyerudi ni mwingine." Akanieleza ya kuwa bwana yule hulala na viatu miguuni, ya kuwa mlango ukipigwa na upepo huruka akalala chini kifudifudi, ya kuwa usiku mmoja alimgusa bega ili amwamshe, naye akamkaba koo kabla hajatambua ni nani.

Nami, niitwaye mwalimu, nikamjibu neno jepesi. Nikasema, "Mama, vumilia. Ni ulevi na ukaidi. Akiviacha vyote viwili atakuwa mtu tena." Yule mama akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Kabla ya mwaka kwisha aliwachukua watoto akarudi kwao.

Baadaye muuguzi mmoja aliposikia habari hiyo alinikemea kwa upole. "Mwalimu," akaniuliza, "ungemwona mtu aliyevunjika mguu, ungemwambia aache ukaidi atembee?" Sikuwa na jibu. Ndipo akanipa vitabu nisome, na haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata humo.

UGONJWA ULIOITWA KWA MAJINA MENGI

Wazee wetu walisema: aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hiyo yaeleza ugonjwa huu vizuri sana. Mtu akikaa siku nyingi mahali pa mauti, mwili wake hujifunza kukesha. Masikio husikiliza, moyo hupiga mbio, misuli hukazwa kama upinde. Huko vitani jambo hilo ni jema, maana ndilo limlindalo. Lakini vita vikiisha, akarudi nyumbani, mwili haujapewa habari ya kuwa vita vimekwisha. Kelele ya sufuria ni bomu. Mtoto anayekimbia nyuma yake ni adui. Usiku ndoto humrudisha pale pale. Mchana hukwepa watu, barabara na maneno yatakayomkumbusha. Tena wako ambao moyo wao hufa ganzi, hata mtoto wake akicheka haoni furaha. Na hilo ndilo huwaumiza wenzake wa nyumbani kupita yote, maana hudhani hawapendwi tena.

Katika vita vile vikubwa vya 1914 hadi 1918, madaktari wa Ulaya waliona maelfu ya askari wa namna hii. Mwaka 1915 tabibu Mwingereza, jina lake Charles Myers, aliandika habari zao katika gazeti la madaktari. Siku zile waliuita mshtuko wa mizinga, wakidhani ya kuwa kishindo cha baruti kimeitikisa bongo. Lakini ikaonekana ya kuwa hata askari ambao mzinga haukupasuka karibu nao waliugua vile vile.

Wengi hawakuhurumiwa. Katika vita vile Waingereza waliwapiga risasi askari wao wenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga, na miongoni mwao wako waliosadikiwa baadaye kuwa walikuwa wagonjwa. Askari 306 wa namna hiyo walipewa msamaha wa serikali mwaka 2006, nao wamekwisha lala kaburini karibu miaka 90. Tazameni, ndugu zangu, ni gharama gani kumwita mgonjwa kuwa ni mwoga.

Lakini wako waliokuwa na macho. Katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na mji wa Edinburgh huko Scotland, alikuwako daktari jina lake W. H. R. Rivers. Mwaka 1917 aliwatibu maofisa waliovunjika mioyo, na mmoja wao alikuwa mshairi Siegfried Sassoon. Desturi ya siku zile ilikuwa kumwambia mgonjwa, "Sahau, jikaze." Rivers aliona ya kuwa anayejikaza kusahau mchana hukumbuka usiku katika ndoto. Basi akawafundisha kuyasema mambo yale polepole, mbele ya mtu asiyewacheka. Mficha maradhi, kifo humuumbua: wahenga wetu walikuwa wamelijua jambo hilo zamani.

Hata hivyo ilipita miaka mingi. Ni mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnamu, ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipouandika ugonjwa huu katika kitabu chao cha magonjwa, kwa jina lake lenyewe. Sisi kwa Kiswahili twaweza kuuita kiwewe cha vita.

Wala tusidhani ni habari za Wazungu peke yao. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita vile vya kwanza. Na mwaka 1944 vijana wa Afrika Mashariki walipigana katika misitu ya Burma. Waliporudi, ni nani aliyewauliza wanaota nini? Twakumbuka babu fulani aliyekuwa mkali, na babu fulani aliyekunywa pombe. Huenda hatukuwajua.

SHUJAA ALIYELALA NA BASTOLA

Ili msidhani ya kuwa ugonjwa huu huwapata wanyonge tu, nitawapa habari ya mtu mmoja ajulikanaye na watu wote katika nchi yake. Jina lake Audie Murphy, mwana wa wakulima maskini wa jimbo la Texas. Katika vita vya pili vya dunia alipata nishani nyingi kuliko karibu askari wote wa Marekani. Mwezi wa Januari 1945, katika kijiji cha Holtzwihr huko Ufaransa, alipanda juu ya gari la vita lililokuwa linawaka moto, akaushika mzinga wa rashasha, akawazuia adui peke yake.

Vita vilipokwisha akawa mchezaji wa sinema, akapata sifa na mali. Mwaka 1949 akamwoa msichana mzuri, naye pia mchezaji wa sinema. Ndoa ile haikudumu. Mwaka 1951 ikavunjika. Shujaa yule alilala na bastola iliyojaa risasi chini ya mto. Ndoto zilimsumbua, akawa mtumwa wa vidonge vya usingizi, hata siku moja akajifungia peke yake katika chumba cha hoteli, muda wa juma zima, ili avunje utumwa ule.

Alikuwa na mashamba ya mifugo, akafuga farasi wa mbegu nzuri. Aliwapenda sana. Lakini angalieni: farasi walikuwako, malisho yalikuwako, hata mapenzi yalikuwako, na bado jeraha halikupona, maana katika siku zake hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Huu ni ugonjwa, nao una dawa." Jambo moja la heshima alilifanya. Hakuficha. Askari wa Korea na Vietnamu walipokuwa wakirudi, alisema wazi habari ya jeraha lake, akaiomba serikali iyachunguze madhara ya vita katika mioyo ya watu. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1971, miaka 9 kabla ugonjwa ule haujaandikwa kitabuni.

KWA NINI FARASI?

Sasa mtaniuliza, farasi ana kazi gani na mgonjwa wa moyo? Mimi nami niliuliza hivyo, maana kwetu farasi si mnyama wa kila boma.

Jibu ni hili. Farasi ni mnyama anayewindwa. Tangu asili simba na mbwa-mwitu walimtamani, naye hana pembe wala kucha. Kinga yake ni kukimbia. Kwa hiyo ameumbwa mwangalifu. Macho yake yako pande mbili za kichwa, huona karibu pande zote. Masikio yake hugeuka huku na huku. Na mwenzake akishtuka kidogo tu, kundi zima hujua. Basi askari mwenye kiwewe akimkaribia, ni viumbe wawili walio na desturi moja: kila mmoja anakesha, kila mmoja yuko tayari kukimbia.

Tena farasi hasomi maneno, husoma mwili. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za nyuso za watu, nyingine zenye furaha, nyingine zenye hasira. Walipoona uso wa hasira, mioyo yao ilipiga mbio zaidi. Kwa hiyo mtu aweza kumdanganya mkewe, akasema, "Mimi sijambo." Aweza kumdanganya daktari. Lakini akimwendea farasi kifua kimekazwa na pumzi imefungwa, farasi humwondokea. Hamhukumu, hana habari ya nishani zake wala aibu zake, humwonyesha tu hali yake kama kioo. Na mtu yule akishusha pumzi, akalegeza mabega, farasi naye huinamisha kichwa, hulamba midomo, huja. Hapo askari hujifunza jambo alilokuwa amelisahau, ya kuwa aweza kuutuliza mwili wake mwenyewe.

Njia hii haikuanza na askari. Mwaka 1952, katika michezo ya dunia iliyofanyika Helsinki, mama mmoja wa Denmark, jina lake Lis Hartel, alipata nishani ya fedha kwa kupanda farasi, ijapokuwa miguu yake ilikuwa imepoozwa na ugonjwa wa polio tangu magoti kwenda chini, hata ilimlazimu kusaidiwa kupanda na kushuka. Watu wakastaajabu, wakaanza kuwapandisha viwete farasi kama matibabu. Mwaka 1969 chama cha kazi hiyo kikaanzishwa Amerika ya Kaskazini. Na mwaka 2006, huko Fort Myer katika jimbo la Virginia, farasi wa kikosi kilichokuwa kikivuta majeneza ya askari kwenda makaburi ya Arlington wakapewa kazi ya pili, ya kuwasaidia askari walio hai waliojeruhiwa vitani. Mnyama yule yule aliyewasindikiza wafu akawarudisha walio hai.

Baada ya hapo ranchi nyingi, yaani mashamba makubwa ya mifugo, zilifungua milango yao. Lakini habari njema si ithibati, yafaa kupima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, waliwapima askari wastaafu 63 wenye kiwewe, wakatoa habari zao mwaka 2021. Kila juma, kwa majuma 8, askari hao walikutana na farasi katika vikundi vidogo kwa muda wa dakika 90, pamoja na mtaalamu wa mioyo ya watu na mtaalamu wa farasi. Hawakupanda, walipiga burashi, walivuta kwa kamba, walimwongoza mnyama kwa ishara za mwili. Miezi mitatu baada ya kwisha, zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa wamepata nafuu kubwa.

Yaani karibu nusu wengine hawakuipata. Tena hapakuwako kundi jingine lisilokuwa na farasi la kulinganisha nalo. Basi tusiseme farasi ni dawa ya kila mtu. Dawa iliyothibitika zaidi ni ile ya mgonjwa kukaa na tabibu aliyefundishwa, na kukizungumza kisa chake kwa utaratibu mpaka kisimtawale tena. Farasi humfungulia mlango yule ambaye hawezi kusema neno.

MFANO WA WATU WAWILI

Sasa nitawatolea mfano. Watu hawa hawana majina, wala msiende kuwatafuta. Nimewatunga mwenyewe kutokana na mambo yaliyo ya kawaida kwa wagonjwa wa namna hii, ili myaone kwa macho yale niliyoyaeleza kwa maneno.

Mwanamume alikuwa sajini, dereva wa malori ya jeshi katika njia za Iraki, ambako mabomu yalifukiwa kando ya barabara. Aliporudi kwao Marekani, akiona mfuko wa takataka ukingoni mwa njia, jasho lilimtoka na gari alilipeleka upande wa pili. Mkewe alimwacha. Mwanamke alikuwa mganga wa kikosi huko Afghanistani, mfunga majeraha. Mikono yake iliokoa wengi, lakini usiku aliwaona wale tu ambao haikuwaokoa. Hakupenda kuguswa wala kushukuriwa.

Wote wawili walifika katika ranchi moja ya Montana, chini ya milima, kwa mzee aliyepigana Vietnamu. Mzee yule hakuwauliza neno. Aliwapa nyundo na misumari, akasema, "Uzio umeanguka. Ng'ombe wanatoka." Wakatengeneza uzio siku tatu bila kusemezana.

Siku ya nne sajini alipewa kamba, akaambiwa amlete farasi jike mmoja wa kijivu. Akaingia katika boma la mviringo. Akienda kushoto, farasi kulia. Akienda kulia, farasi kushoto. Saa nzima ikapita. Akaanza kutetemeka kwa hasira, akaitupa kamba chini. Yule mwanamke alikuwa ameegemea mlango wa boma. Akasema polepole, "Sajini, hupumui."

"Nini?"

"Hupumui. Nimekutazama tangu ulipoingia. Mimi najua kumtazama mtu kama anapumua. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

Sajini akataka kumjibu vibaya, lakini alipofungua kinywa, pumzi ndiyo iliyotoka, ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo. Akasimama pale, mabega yameshuka, amemgeuzia farasi mgongo. Baada ya kitambo akasikia joto la pua nyuma ya shingo yake. Akalia, na yule mwanamke akageuka akatazama milima, ili asimwone mtu akilia. Nadhani upendo wao ulianza hapo, katika kule kugeuka.

Tangu siku hiyo wakawa wakifanya kazi pamoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini hawa wawili walikuwa wamelalia kitanda kimoja cha mateso, kwa hiyo maneno machache yalitosha. Mmoja akikaa chakulani, mwingine humwachia nafasi inayotazama mlango. Mmoja akisema, "Jana," tena akanyamaza, mwingine hakumhimiza amalize.

Lakini msidhani ya kuwa watu wawili wagonjwa wakikutana wamekwisha pona. Mara nyingine ni kuni mbili za moto mmoja. Ilipofika tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa nchi yao, watu wa mjini walirusha fataki usiku. Sajini akatoweka. Yule mwanamke akamtafuta kwa taa, akamkuta zizini amejikunja kati ya miguu ya farasi, bastola mkononi. Naye mwenyewe alikuwa anatetemeka, maana milio ile ilimrudisha Afghanistani. Akaketi mbali kidogo, chini, katika majani makavu. Hakumgusa. Akamwita kwa jina lake, siyo kwa cheo. Akalirudia jina lile mpaka akamjibu.

Kulipopambazuka akamwambia, "Nakupenda, wala sitaki kukuficha neno hilo. Lakini sitalala katika nyumba ambamo bastola iko chini ya mto. Mimi nimekwisha wafunga majeraha wa kutosha. Tena mimi siwezi kuwa daktari wako, wala wewe huwezi kuwa daktari wangu."

"Nikiitoa, nitalala vipi?"

"Vibaya," akasema, "kwa siku nyingi. Nami pia nitalala vibaya. Lakini tutalala."

Alikaa kimya mpaka jua likatoka. Ndipo akaondoka, akampelekea mzee wa ranchi bastola na risasi zake, mzee akazifungia sandukuni. Juma lile lile wote wawili wakaenda mjini kwa tabibu, kila mtu kwa siku yake na kwa kisa chake. Wakangoja mwaka mzima kabla ya kuoana. Wakaweka maagano, nayo si ya kishairi: usiniguse nikiwa usingizini, simama mlangoni uniite kwa jina, nikisema nataka kuwa peke yangu, usidhani nimekuchukia, nikikuambia, "Leo ni siku mbaya," usiniulize sababu, nipe burashi niende kwa farasi. Hata leo katika mfano wangu wana siku mbaya. Lakini huzisema, na siku iliyosemwa huwa fupi.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Kwa kuwa gazeti hili husomwa na wazazi na walimu, nitaandika machache ya kuyashika.

Kwanza, tusimwite mgonjwa wa namna hii mwoga, wala mlevi tu, wala mwenye kurogwa. Pombe mara nyingi ni dawa aliyojitafutia mwenyewe, nayo humwongezea ugonjwa. Apelekwe hospitali, aeleze ndoto zake kama ambavyo angeeleza homa.

Pili, tusimshtue. Watoto wafundishwe kumwita baba kwa sauti kabla ya kumkaribia, hasa akiwa amelala.

Tatu, tumpe kazi ya mikono, ndogo ndogo, ya kila siku, na ikiwezekana ya kulisha na kutunza kiumbe kingine. Si mshahara tunaoutafuta hapo. Ni kwamba kinachomngojea asubuhi kinamwamsha.

Nne, tusimlazimishe kusimulia. Lakini siku akisema, tunyamaze tumsikilize, wala maneno yake tusiyapeleke kisimani.

Tano, silaha na sumu za shamba ziwekwe mbali naye. Akisema amechoka kuishi, asiachwe peke yake hata kidogo, aende kwa daktari siku ile ile. Si maneno ya kutisha watu tu.

Sita, na hili nalisema kwa majuto: uvumilivu wa mke si kukaa akabwe koo. Ikiwa maisha yake au ya watoto yako hatarini, aende mahali pa salama. Huko si kumwacha mumewe. Yule mwanamke wa mfano wangu alimpenda sajini, ndiyo sababu alikataa kulala karibu na bastola. Nasi tulioitwa walimu tusimfunge mtu mzigo ambao sisi hatukuubeba.

MWISHO WA HABARI

Nilipokwisha kusoma haya nilikwenda kwa jirani yangu. Ilikuwa jioni, nilimkuta zizini anakamua. Nilisimama mbali, nikamwita kwa jina, nikangoja ageuke. Akashangaa, maana kwa kawaida mimi huingia nikipiga makofi na kusalimu kwa sauti kuu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilimwambia mkeo maneno mabaya juu yako. Nilisema ni ukaidi. Nimekuja kuomba radhi."

Hakujibu upesi. Aliendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi hulala hapa. Ndani siwezi. Hawa ng'ombe wakitulia, najua hakuna mtu nje." Nikatambua ya kuwa alikuwa ameipata njia ile mwenyewe, bila kitabu wala mzungu, na sisi sote tulipita pale kila siku tukisema, "Tazama, amekuwa kichaa, analala na mifugo."

Sasa huenda hospitali mara moja kwa mwezi, na muuguzi yule humwita kwa jina kabla ya kufungua mlango. Mkewe hajarudi, wala mimi sitamhimiza. Neno hilo ni lao wawili. Lakini likizo iliyopita watoto waliletwa kumwona baba yao, nami niliwasikia kwa mbali, wakiwa bado njiani, wakiita, "Baba! Ni sisi! Ni sisi tunakuja!"

Mwalimu mwenzangu, siku mke wa askari atakapoketi kizingitini pako akakuambia kwamba mumewe hakurudi, usimjibu upesi kama mimi. Mkaribishe ndani, umsikilize mpaka mwisho, ndipo mwende pamoja kumtafuta huko alikobaki.